Poni Kwenye Malango Manne

Risala ya mabibi wauza simsim wa soko la Koboko kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge inayokusanya maoni juu ya Muswada wa Vikosi vya Pamoja vya Kupambana na Magenge na Dawa za Kulevya

Mgeni rasmi, mwanzo wa haya tunayokusomea tuliupata kwa Rashida, muuza chai wa kwenye kizuizi cha barabara ya Arua, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa moja na nusu asubuhi. Alikuja mbio sokoni na kikombe cha mtu mkononi, amesahau kukiweka chini. Akasema, "Wamechukua Poni." Yaliyofuata tuliyaona kwa macho yetu, kwa hiyo asije mtu akakuambia njiani kwamba wazee hawa waliota.

Karibu Koboko. Kiti ulichokalia tumekifuta mara mbili, na maji uliyopewa yamechemshwa. Ila tulikubaliana tangu juzi kwamba hatutakuchezea ngoma. Mwenye hasira akicheza ngoma huumiza watu miguu. Tumeambiwa tusome kwa dakika kumi. Tutajaribu.

SISI NI NANI

Tuko thelathini na sita, wote tuna wajukuu. Wengine ni Wakakwa wa hapa hapa, wengine Walugbara tulioolewa huku, wengine walitoka Sudan Kusini na watoto mgongoni, na wengine ni wajane wa askari, waliozaliwa kambini na wanaoota ndoto kwa Kiswahili cha kambini. Ijumaa wako wanaokwenda msikitini, Jumapili wako wanaokwenda kanisani. Siku zilizobaki wote tunauza simsim na bamia kavu.

Usifikiri tunapinga muswada wako. Tungekuwa wa kwanza kupiga makofi. Mwenzetu Ocokoru, wa Logiri, ana mjukuu aitwaye Tongun aliyekuwa fundi wa baiskeli, mkono wake mwepesi kama wa mshona nguo. Leo yuko stendi ya Arua, anakuna mikono mpaka damu, na akimwona bibi yake anauliza, "Wewe nani?" Huo unga uliomla Tongun haukuota Logiri. Ulipita barabara hii, ukapita kizuizi hiki. Kwa hiyo tuliposikia serikali imekusanya idara nne kuwa kikosi kimoja cha pamoja, Ocokoru alisema, "Sasa wamepatikana." Maskini Ocokoru.

Tuna desturi moja, nayo ndiyo iliyomponza Poni, basi tuieleze. Hapa mtu haendi Arua na mzigo wake peke yake. Utampa fundo lako, mzigo uliofungwa kwenye kitambaa, ampelekee dada yako, yule naye atampa la kwake, na gari likiondoka kila mtu amebeba mizigo ya watu watano. Fundo la mtu halifunguliwi njiani. Ukilifungua umemwita mwenyewe mwizi, au mchawi, na ujirani umekufa hapo. Tena, ukiulizwa njiani fundo hili la nani, unajibu, "Langu." Husemi nimepewa, maana anayesema nimepewa anaweza kulitupa akakimbia. Aliyebeba ndiye mwenyewe mpaka atue. Ndivyo tulivyovuka mpaka wakati wa vita. Yuko kati yetu aliyebeba sufuria ya jirani aliyefia njiani, siku sita, kila kizuizi anasema ni yangu, mpaka alipowapata watoto wa marehemu akawakabidhi.

ASUBUHI YA KIZUIZINI

Poni ni binti wa Margarita, na Margarita ni huyo wa safu ya kwanza, mwenye kitambaa cha manjano. Tulimwomba asome risala hii mwenyewe akakataa. Alisema, "Nikisimama mbele ya mkubwa nitatukana, halafu mtasema ni wakimbizi hawana adabu."

Siku ile Poni alimnyonyesha mtoto wake, Peace, wa miezi saba, akamwacha kwa Margarita. Alikuwa na gunia lake la bamia, na fundo moja la simsim alilopewa na mteja aitwaye Soka, mtu wa koti safi, aliyewahi kununua kwake mara tatu na kila mara akauliza mtoto anaendeleaje. Lilikuwa la kumfikishia shemeji wa huyo Soka, stendi ya Arua.

Kizuizini walikuwapo watu wa sare za namna nne. Rashida anajua, maana wote walikunywa chai yake.

"Gunia ya nani?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu."

Wakachoma fundo kwa chuma kirefu. Kilipotoka kilikuwa na unga mweupe kwenye ncha. Poni alicheka. Rashida ametuapia hilo, alicheka kwanza, akidhani mtu amechanganya simsim na unga wa muhogo ili uzito uongezeke. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Mmoja wao akaandika kwenye karatasi kwamba mama huyu amekiri kwa kinywa chake.

"Afande," Rashida akaita, "huyo iko na mtoto ya kunyonya!"

"Mama, wewe uza chai."

Wakampandisha gari. Fundo likapanda gari jingine. Lishike hilo kichwani, Mheshimiwa: mtu gari lake, mzigo gari lake.

MALANGO

Ofisi hatutazitaja kwa majina. Tumekuja kuomba sheria, hatukuja kushtaki mtu, na wengi wetu vibao vya ofisi hatuvisomi haraka. Tutazitaja kwa malango yake. La buluu na la kijani yako Arua Hill. La kijivu liko chini ya kilima. La mabati liko njia ya Dadamu.

Margarita alifika lango la buluu siku ya pili, na Peace mgongoni. Kijana wa pale alikuwa mpole. "Mama, hapa hakuna mutu kama huyo. Ile ni kazi ya pamoja. Uliza wa kijani." Margarita akashukuru. Wa kijani wakasema, "Sisi nasindikiza tu. Mwenye kukamata ni kijivu." Akashuka kilima. Wa kijivu wakasema wao hupima mizigo, watu hawapimi, arudi buluu. Akapanda kilima. Kesho yake mtu akamtajia la mabati, akaenda mpaka Dadamu kwa miguu, akaambiwa, "Mama, hapa ni stoo. Unatafuta mutu kwa stoo?"

Siku kumi hivi, Mheshimiwa. Alijifunza majina ya walinzi wote. Alijua nani ana mke mjamzito na nani anaumwa jino. Aliwaombea. Jambo moja tu hakulijua, kama mtoto wake yu hai. Kila alipouliza, alitaka waandike kwamba ameuliza, na kila lango likamwambia kitabu cha kuandikia kiko kwenye lango jingine. Katiba inasema saa arobaini na nane mtu awe mbele ya hakimu. Margarita alilijua neno hilo, alilisikia redioni. Alipolisema lango la kijani, afisa mmoja akamjibu, "Saa zinahesabiwa kuanzia pale sisi tunapompokea. Na sisi hatujampokea."

Tunaomba urudie maneno hayo kichwani mwako polepole, wewe unayetunga sheria. Wamempata lakini hawajampokea. Wako pamoja wakati wa kukamata, na kila mmoja kivyake wakati wa kujibu.

Peace alikataa uji siku mbili, siku ya tatu njaa ikamshinda akaukubali kwa kijiko. Margarita alikuwa anampa huku amegeuza uso pembeni, asimwone akilia.

Siku ya kumi na mbili, Jumamosi, Soka alikuja kunywa chai kwa Rashida. Yule yule, koti lile lile. Akaomba tangawizi zaidi. Rashida akamwachia birika mwenzake, akaenda kwa watu wa kizuizi, akawaambia, "Mwenye fundo ndiye yule." Wakamwambia, "Faili iko Arua." Akapiga simu Arua, namba aliyopewa Margarita lango la buluu. Wakasema suala la mshukiwa aliye nje si lao, ampigie kijivu. Simu ya kijivu ikaita mpaka ikakatika. Soka akamaliza chai yake, akafuta midomo, akavuka mpaka kwa pikipiki. Idara nne, bunduki sijui ngapi, na mtu wa unga amekunywa chai ya tangawizi mbele yao.

KAZI TULIYOIFANYA WENYEWE

Risala hutakiwa kutaja mafanikio. Tunayo.

Jioni ya siku hiyo tuliketi nyumbani kwa Hawah. Hawah ni mjane wa sajini, amezaliwa kambini, na sauti yake hata mbuzi huitii. Alisema, "Wao iko nne, kila moja nasema uliza mwenzangu. Margarita iko moja, miguu mbili. Akifika huku, uongo imehamia kule. Sasa sisi pia tufanye kikosi ya pamoja."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Alhamisi," akasema, "saa nne kamili asubuhi, kila lango iko na mwanamke mzee moja. Tuone watamsukuma wapi."

Ndivyo tulivyofanya. Ilikuwa siku ya kumi na saba. Margarita buluu, Hawah kijani, Ocokoru kijivu, Rashida mabati na birika lake. Kila mmoja na simu.

Lango la kijani, mlinzi alimwambia Hawah kama kawaida, akimwita bibi kwa lugha ya kambini, "Haboba, huyo mutu iko buluu."

"Margarita," Hawah akasema kwenye simu, "uko buluu? Iko huko?"

"Hapana. Wamesema iko kwenu."

Hawah akamgeukia mlinzi. "Umesikia? Basi piga hao wenzako mwenyewe. Mimi nangoja."

"Haboba, mkubwa atakasirika."

"Mkubwa yako baba yake alinyolewa na bwana yangu kwa kambi. Piga."

Akapiga. Buluu wakasema kijivu. Kijivu, Ocokoru alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ofisi yao na mfuko wake wa karanga, anawagawia. Wakasema buluu. "Mutu moja," Ocokoru akawauliza taratibu, "analala namna gani kwa nyumba nne?" Mmoja wao alirudisha karanga zake mfukoni mwa Ocokoru.

Aliyempata ni Rashida. Yeye hakuuliza kitu. Alikoka moto wake mbele ya lango la mabati, akaanza kuuza. Saa tano na nusu mlinzi akatoka na trei.

"Chai sita," akasema. Akapiga hatua mbili, akarudi. "Fanya saba. Moja usitie tangawizi. Yule mama wa simsim tumbo yake inauma."

Rashida alimimina saba. Alingoja yule kijana ageuke aingie ndani. Ndipo akatupigia.

Saa saba tulikuwa wote wanne pale Dadamu, tumekaa chini mbele ya lango, tumenyosha miguu kama watu wa matanga. Hatukupiga kelele. Gari la mkubwa likataka kutoka, likasimama. Likapiga honi. Hawah akasema, "Sisi ni wazee, hatusikii vizuri." Saa tisa wakamtoa Poni, kutoka nyuma ya magunia. Stoo haikuwa uongo. Walikuwa wamemweka stoo kama mzigo.

Alikuwa na gauni lile lile la siku kumi na saba. Margarita alisimama lakini hakusogea, miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Poni ndiye aliyemfikia. Alisema, "Mama, walisema nilikubali. Mimi nilisema langu tu. Ningesemaje?"

CHANGAMOTO

Utadhani hapo yamekwisha. Siku ile Poni alipewa karatasi ya kutoka, na karatasi hiyo inataka mihuri minne, kwa kuwa kikosi ni cha pamoja. Mitatu imepigwa. Wa lango la buluu bado, wanasema hawawezi kumwachia mtu ambaye hawajawahi kuandika kwamba wanaye. Tumerudi mara tano. Bila muhuri huo, kizuizi chochote kinaweza kumshusha kwenye gari leo au kesho. Hana kesi, na hajaachiwa.

Tuliuliza fundo liko wapi, ili Poni afikishwe mahakamani kama ni lazima, aseme mbele ya hakimu nani alimpa. Fundo halipo. Kijivu wanasema walilipima wakalipeleka mabati, mabati wanasema hawakulipokea. Kwa hiyo ule unga uko mahali, Mheshimiwa. Umetoka kwa Soka, umeingia serikalini, umepotea katikati ya malango. Ocokoru aliposikia hivyo alituuliza kama unaweza kuwa umefika stendi ya Arua.

Lawama yetu sisi pia tunaikubali. Desturi yetu imekuwa njia ya watu wabaya, nasi hatukutaka kuona. Tulibishana wiki nzima. Kuna waliosema, "Ukifungua fundo langu mbele ya watu, unanivua nguo." Margarita alisimama akawajibu, "Binti yangu alivuliwa nguo Dadamu, kwa sababu hakumvua Soka hapa." Ubishi uliishia hapo. Siku hizi kuna meza sokoni, karibu na mzani. Mwenye fundo analifungua mwenyewe, mbebaji anaona, shahidi mmoja anaona, linafungwa tena. Wako watu wawili waliokataa kufungua wakaondoka na mizigo yao, na majina yao tulikwenda kuyatoa. Tuliambiwa tuyapeleke lango jingine.

TUNACHOOMBA

Muswada wako tumesomewa wote, jioni nne. Una kurasa nyingi juu ya nguvu za kikosi: kusimamisha gari, kupekua, kushika, kusikiliza simu. Tulimwambia msomaji arudie pale panaposema aliyeshikwa anawekwa wapi na nani anajibu. Alitafuta, akasema hajapaona.

Basi paandikeni. Kikosi kiwe na kitabu kimoja na lango moja. Mtu akishikwa kizuizini, jina lake liingie pale pale kizuizini, na saa arobaini na nane zianze hapo barabarani, zisingoje idara fulani ione raha ya kumpokea. Awepo afisa mmoja, mwenye jina na namba ya simu, ambaye mama akimwuliza mwanangu yuko wapi hawezi kusema uliza mwenzangu. Akisema, awe amevunja sheria, naye ashikwe kama wengine. Mzigo upimwe mbele ya aliyeshikwa na mtu baki, utiwe sahihi, na ufuatane naye mpaka kwa hakimu. Ukipotea, walioutia sahihi ndio wajibu. Anayeachiwa aachiwe kwa muhuri mmoja. Na anayeleta jina la mwenye unga apokelewe kwenye lango lolote atakalofika, hata kama amekuja na birika.

Ombi la mwisho si la muswada. Lango la buluu liko chini ya saa mbili kwa gari lako. Tunaomba upite hapo kabla hujarudi Kampala, na karatasi ya Poni tutakupa sasa hivi, mkononi. Usimpe msaidizi wako.

SIKU ALIYORUDI

Tumalizie nyumbani kwa Margarita, ili ujue unapita huko kwa ajili ya nani.

Poni alifika Koboko Ijumaa, saa nane mchana. Majirani walikuja wakasalimia wakaondoka, maana Margarita aliwaambia, "Mtakuja kesho." Poni alioga. Akamchukua Peace, akampa ziwa. Mtoto akalitazama, akageuza uso, akanyosha mikono kwa Margarita. Poni alijaribu upande wa pili. Maziwa yalikuwa yamekauka, lakini hata yangekuwapo, mtoto hakumjua.

"Mpe siku mbili," Margarita akasema. "Atakumbuka."

"Na wakija kabla ya siku mbili?"

Margarita akampa Peace uji. Alipomaliza kikombe, mtoto akalala mapajani mwake.

Poni alijinyosha kwenye mkeka na ndala zake miguuni. Margarita akainama kumvua. Poni akavuta miguu. "Acha, mama. Ile siku walinitoa kwa gari miguu wazi. Wakija tena nitatoka na viatu."

Pikipiki ikapita nje, Poni akaketi. Ikaenda zake, akalala. Ikapita nyingine, akaketi tena.

Margarita akamlaza Peace pembeni ya mama yake. Akauvuta mkeka mwingine mpaka mlangoni. "Lala," akasema. "Mimi niko hapa."

"Wewe pia hujalala siku hizi zote. Utasinzia."

"Nisinzie wapi! Mzee hasinzii mchana."

Macho ya Poni yakafumba yenyewe, na ndala zake miguuni. Margarita alikaa akisikiliza pumzi zao mbili, ya mkubwa na ya mdogo, mpaka zikawa ndefu. Jua likamfikia magotini. Akajilaza pale pale kizingitini, mwili wake umeziba mlango kutoka ubao hadi ubao, ili yeyote atakayekuja, wa sare yoyote, alazimike kwanza kumruka mwanamke mzee. Kisha naye akalala.

Mola akulinde barabarani, Mheshimiwa, na nyumbani kwako asipotee hata siku moja mtu usijue aliko.

Ni sisi,
Umoja wa Mabibi Wauza Simsim,
Soko la Koboko.